"Nenosiri si sahihi": usilibadilishe kabla hujafungua kivinjari

Jumatatu moja mzee wa kazi za kliaringi, yaani kuwatolea watu mizigo bandarini, mwenye ofisi Nkrumah Road hapa Mombasa, alinipigia simu kabla sijamaliza chai. "Mwanangu, barua pepe imenikataa tangu jana, na meli ya mteja wangu imeshafunga Kilindini." Nilipofika nilimkuta na karatasi mbele yake, manenosiri manne yameandikwa kwa kalamu, matatu yamekatwa mstari. Kila mara programu ya barua pepe kwenye kompyuta yake ilipomwambia nenosiri si sahihi, alikwenda akalibadilisha. Notisi ya kuwasili kwa mzigo ilikuwa imo humo asikoweza kuingia, na kontena likikaa bandarini baada ya siku za bure kwisha, kila siku ni pesa.

Nilimwomba jambo moja tu: afungue kivinjari, aende kwenye ukurasa wenyewe wa barua pepe, aandike anwani yake na lile nenosiri la nne. Ikafunguka pale pale. Notisi ilikuwa ya pili kutoka juu. Tukaichapisha, karani akaondoka nayo, ndipo tukakaa kutafuta ugonjwa.

Ukiweza kuingia kwa kivinjari, nenosiri lako ni zima. Inayokataliwa ni programu. Mara nyingi seva, yaani kompyuta ya mwenye huduma inayohifadhi barua zako, ikisema hapana, kwa sababu yoyote ile, programu inakuletea maneno yale yale, "nenosiri si sahihi", na wewe unaamini umekosea. Kisha unalibadilisha, na hapo tatizo moja linazaa mengine: simu yako, kompyuta ya ofisini na tableti ya watoto nyumbani zinaendelea kubisha hodi na nenosiri la zamani kila baada ya dakika chache. Kwa upande wa seva, hiyo inafanana na mwizi anayejaribu funguo.

Kwa nini basi nenosiri lililo sahihi likataliwe? Kwa sababu njia ya kulipeleka imefungwa. Zamani programu ilikuwa inalihifadhi nenosiri lako lenyewe na kulikabidhi kwa seva kila ilipokwenda kuchukua barua. Aliyeiba programu hiyo au faili zake alikuwa ameiba ufunguo wa nyumba nzima. Njia ya sasa, inayoitwa OAuth, huwa nawaeleza watu kwa geti la bandari, kwani hapa Mombasa hakuna asiyelijua. Dereva wa lori hapewi ufunguo wa ghala. Anapewa pasi ya lori hili, kwa mzigo huu, kwa muda huu. Pasi ikifutwa lori halipiti, na kufuli la ghala halihitaji kubadilishwa. Programu nayo hivyo hivyo: unajitambulisha mwenyewe kwenye ukurasa wa mwenye huduma, naye anaipa programu pasi yake.

Google walianza kuifunga njia ya zamani kwa akaunti za Gmail za watu binafsi tarehe 30 Mei 2022, na akaunti za ofisi zikafikiwa kikamilifu 2025. Microsoft walianza na akaunti za kazi Oktoba 2022, kisha Hotmail na Outlook.com tarehe 16 Septemba 2024. Kwa hiyo programu uliyowekewa miaka kumi iliyopita inaweza kufanya kazi vizuri hadi jana na leo ikagoma, ilhali wewe hukugusa kitu.

Kama programu yako ni ya kisasa, dawa ni kuiondoa akaunti na kuiongeza upya, ili dirisha la kujitambulisha lifunguke. Lakini ngoja. Kabla hujaiondoa, angalia kama imewekwa kwa IMAP au kwa POP. IMAP inaziacha barua kwenye seva, na kompyuta inakuonyesha nakala. POP inazishusha, na mara nyingi inazifuta kule zilikotoka, kwa hiyo nakala pekee duniani ni iliyo ndani ya kompyuta hiyo. Mama mmoja mwenye biashara ya vitenge Kongowea aliletewa fundi akafuta akaunti ya POP bila kuuliza, na barua za wateja wake za miaka sita zikaenda. Nilijaribu siku mbili kuzirudisha, nikapata chache tu. Tangu siku hiyo sigusi akaunti ya mtu kabla sijalitazama neno hilo na kunakili faili zake kwenye diski nyingine.

Kwenye Thunderbird, programu ya barua pepe ya bure, huhitaji hata kuondoa akaunti. Ingia kwenye mipangilio ya seva, badilisha njia ya uthibitishaji kutoka nenosiri la kawaida hadi OAuth2, na uruhusu vidakuzi (cookies), la sivyo dirisha la Google halitakamilika. Fanya hivyo mahali pawili: seva ya kupokea na seva ya kutuma. Wengi wanasahau ya pili, kisha wananiambia barua zinaingia lakini hazitoki. Seva ya kutuma ina kujitambulisha kwake peke yake. Nambari za mlango wa seva (port) nazo ziwe sawa: 993 kwa IMAP yenye SSL/TLS, yaani usimbaji wa kulinda barua njiani, 995 kwa POP, na 465 au 587 kwa kutuma. Ukikuta 25 kwenye kutuma, iondoe. Watoa intaneti wengi wanaizuia.

Programu kongwe, kama Outlook ya 2010, haijui OAuth kabisa. Kwa Gmail kuna njia ya pembeni: washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha utengeneze nenosiri la programu (app password), herufi 16, ulibandike mahali pa nenosiri bila nafasi. Jua tu kwamba ukibadilisha nenosiri kuu la Google, manenosiri yote ya programu yanakufa papo hapo. Kwa Hotmail na Outlook.com njia hiyo haitakusaidia. Tafuta programu mpya. Yule mzee nilimwekea Thunderbird, akajitambulisha mara moja, na ile karatasi nikamwomba aichane, maana nenosiri la nne ndilo lililokuwa likifanya kazi.

Angalia na saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ndani ikifa, kompyuta inarudi miaka ya nyuma, na cheti cha usalama cha seva kinaonekana bado hakijaanza kutumika. Rekebisha tarehe na mwaka, mambo yanatulia.

Barua pepe za kampuni, zenye jina la kampuni yenyewe baada ya alama ya @, zina tabia zake. Jina la kuingilia huko karibu kila mara ni anwani nzima, si kipande cha kabla ya @. Na ziko ofisi ambako kompyuta zote zinakataliwa kwa pamoja. Niliitwa Nyali kwenye ofisi ya namna hiyo, kompyuta saba, zote zimegoma. Nikazima waifai ya simu yangu, nikaweka akaunti ya mmoja wao kwa bando langu: ikaingia. Nikarudi kwenye waifai yao: ikakataa. Hiyo ni dalili isiyodanganya. Seva ilikuwa imeizuia anwani ya intaneti ya ofisi nzima, kwa sababu nyuma ya ruta moja kompyuta zote saba zinaonekana kwa nje kama mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa anakosea nenosiri usiku kucha.

Tukapita mashine moja baada ya nyingine. Hakuna iliyokuwa na nenosiri bovu. Kisha nikaiona printa kubwa iliyokuwa kwenye korido, ile inayoskani karatasi na kuzituma kwa barua pepe yenyewe. Mwezi uliopita walikuwa wamebadilisha nenosiri la akaunti inayotumiwa na mashine hiyo, na hakuna aliyekumbuka kuiambia. Nikaliandika jipya, tukampigia mwenye seva aiondoe anwani yetu kwenye orodha ya waliozuiwa, na kabla ya adhana ya alasiri kompyuta zote saba zilikuwa zinapokea.