Kugawanya desimali: mtoto anajua zaidi ya tunavyodhani

Dhana: Desimali zina namna yake mpya ya kugawanya.

Hapana. Anayejua kwamba 32 ÷ 4 ni 8 amebakiza hatua moja tu kufika 3.2 ÷ 4. Kwa kuwa 3.2 ni sehemu za kumi 32, ukizigawa kwa 4 kila fungu linapata sehemu za kumi 8, yaani 0.8.

Dhana: Ondoa nukta, gawanya, kisha irudishe.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu mara nyingine inaleta jibu sahihi na kosa halionekani. Niliwahi kukaa kando ya mtoto aliyekuwa anafanya 0.24 ÷ 6. Alifunika nukta kwa kidole, akanong'ona "24 kwa 6 ni 4", akaandika 0.4. Sikumwambia amekosea. Nilimwuliza, "Hizo 24 ni 24 za nini?" Akanyamaza, akahesabu nafasi baada ya nukta, akasema, "Sehemu za mia." "Na hiyo 4 je?" Akachukua kifutio mwenyewe, akaandika 0.04.

Hesabu ya kugawanya alikuwa nayo tangu mwanzo. Alichokosa ni jina la kile anachokigawa. Simon Stevin, aliyewaeleza watu wa Ulaya desimali mwaka 1585, hakutumia nukta kabisa; kando ya kila tarakimu aliweka kiduara chenye namba ya kuonyesha daraja lake. Nukta yetu ni fupi kuandika, lakini inalificha jina hilo, kwa hiyo mwacheni mtoto alitamke kwa sauti.

Dhana: Ukigawanya, jibu lazima liwe dogo.

Ndiyo maana wengi huandika 0.8 pia kwa 3.2 ÷ 0.4. Chukua rula. Sentimita 3.2 ni milimita 32, na sentimita 0.4 ni milimita 4. Je, vipande vya milimita 4 vinatoka vingapi? Vinatoka 8. Safari hii tunagawa sehemu za kumi kwa sehemu za kumi, kwa hiyo 8 ni idadi ya vipande, nayo ni kubwa kuliko 3.2 tuliyoanza nayo. Ziandike 3.2 ÷ 4 na 3.2 ÷ 0.4 bega kwa bega, umwache mtoto aeleze tofauti kabla hujaeleza wewe. Zikitofautiana nafasi, kama 3.2 ÷ 0.04, zifanye zote ziwe sehemu za mia: 320 kwa 4, jibu 80.

Dhana: Namba ndogo haigawanyiki kwa kubwa.

Watoto hukutana na 2 ÷ 5 wakaigeuza kuwa 5 ÷ 2. Lakini 2 ni sehemu za kumi 20, na 20 kwa 5 ni 4. Jibu ni 0.4.