Injini ikizima, ndege haianguki kama nazi

Juzi tulikuwa kwenye hitima ya jirani, kahawa imeshapita, shemeji yangu akaniuliza mbele za watu: "Kapteni, hii ndege ya Caravan inayokwenda Pemba si ina injini moja tu? Ikizima huko juu si ndiyo mnadondoka kama nazi?" Baraza zima likatikisa kichwa kumuunga mkono. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeshalijibu swali hilo kwa mwanafunzi wangu, mtu mzima wa miaka 49 aliyeanza kujifunza urubani mwaka huu. Nimechoka kulijibu kwa mdomo.

Ndege haikutundikwa kwenye injini. Inabebwa na bawa, na bawa linabeba kwa sababu upepo unapita juu yake na chini yake. Kazi ya injini ni kuisukuma ndege mbele ili upepo huo upatikane. Injini ikizima unashusha pua kidogo, na uzito wa ndege wenyewe unaipeleka mbele, kama baiskeli kwenye mteremko. Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja ninayofundishia, nikiishika kwenye maili za bahari 65 hivi kwa saa, kila futi 1,000 za kimo zinanipa karibu kilomita 2.8 za kwenda mbele kama hakuna upepo. Futi 3,000 ni kilomita 8 na ushei. Ndiyo sababu nikivuka kutoka Unguja kwenda bara naomba kimo kikubwa, maana katikati ya mkondo kilomita 8 hazikufikishi pwani yoyote.

Mwaka 2001 Airbus A330, ndege kubwa ya abiria, iliyobeba watu 306 iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki. Injini zote mbili zikazima. Ilikwenda bila injini kwa dakika 20 hivi, ikatua visiwa vya Azores, na hakufa mtu.

Sasa nije kwenye kinachoniuma hasa. Watu wanasoma kwamba ndege fulani ilianguka kwa sababu ya stoli, wanadhani stoli ni injini kuzimika, kama gari linavyozimika ukiachia klachi vibaya. Hata wanafunzi wangu wanakuja na fikra hiyo, na wenye umri wa kuendesha gari miaka 25 ndio wameishika zaidi. Stoli haihusu injini. Ni bawa kuacha kubeba. Mwaka 2009 A330 nyingine, iliyokuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, iliingia bahari hiyo hiyo ya Atlantiki na watu wote 228 wakafa. Injini zake zote mbili zilikuwa zinafanya kazi. Vipimo vya mwendo vilizibwa na barafu, pua ikavutwa juu, bawa likastoli, na pua ikaendelea kuvutwa juu.

Bawa linastoli pale linapoukabili upepo kwa pembe kubwa mno, digrii 15 au 16 hivi kwa ndege zetu ndogo. Tafadhali shikeni hapa: ni pembe kati ya bawa na upepo unaolijia. Si pembe kati ya pua na upeo wa macho. Unaweza kustoli pua ikitazama chini. Unaweza kustoli ukiwa na mwendo mkubwa. Ndege inayostoli kwa maili za bahari 50 kwa saa ikienda sawa, ukiilaza digrii 60 kwenye kona na kuishikilia isishuke, inastoli kwa 70, kwa kuwa bawa limebebeshwa uzito mara mbili. Namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha ndege ni ya hali moja tu, na wanafunzi wanaikariri kana kwamba ni ya hali zote.

Mwanafunzi wangu huyo tulikuwa futi 3,000, mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe uko chini yetu upande wa kushoto. Nikamwambia aondoe nguvu ya injini na asiiachie pua ishuke. Mwendo ukapungua, usukani ukawa mlegevu mkononi, kisha ile filimbi ya bawani ikaanza kulia. Kwenye 172 ni ulimi mdogo unaopulizwa na hewa, unalia kama zumari. Bawa likatikisika, pua ikaanguka yenyewe. Naye akavuta usukani hadi kifuani, vidole vimekakamaa, pete imezama kwenye nyama. Kila mtu huvuta. Mwili unaona bahari inakuja, unataka kwenda juu.

Namjua alikulia Kizimkazi kwenye ngalawa ya baba yake. Nikamwambia, "Umekaza demani mno, bwana. Legeza." Akalegeza papo hapo. Filimbi ikanyamaza, bawa likashika, tukapoteza futi 200 tu. Mtu aliyewahi kushika demani, ile kamba ya kukazia tanga, anajua kwamba tanga likikazwa kupita kiasi upepo unaachana nalo na chombo kinapooza, na kwamba dawa yake ni kulegeza. Bawa ni hivyo hivyo.

Kuhusu umri: kwa utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, rubani binafsi aliyevuka miaka 40 anapimwa afya kila miezi 24 badala ya 60. Miwani si tatizo. Vitabu vinaishia hapo. Mimi nina shaka ambayo sijaimaliza. Mtu wa miaka 49 anaelewa haraka kuliko kijana, lakini mkono wake unachelewa kumtii, na sijui kama ni umri au ni yale mazoea ya miaka mingi barabarani. Nina shaka nyingine pia. Vitabu vinasema injini ikizima chagua uwanja ulio wazi. Hapa Unguja chini yangu kuna minazi, mawe ya matumbawe, au bahari. Ndege yenye magurudumu yasiyokunjwa ikigusa maji inaweza kupinduka. Nafundisha namna ya kutua majini, na sijawahi kutua majini.

Shemeji nilimjibu kwa ufupi, hitima si darasa. Mwanafunzi, Jumamosi tunarudi juu ya Chumbe. Safari hii atastoli kwenye kona.