Faragha ni nini, na kwa nini si siri

Katika harusi nyingi za wanawake hapa Mombasa, mlangoni mwa ukumbi husimama wasichana wawili watatu wenye kazi moja tu: kuzuia picha. Kwengine hukagua mikoba na kukusanya simu, kwengine hubandika karatasi juu ya kamera, kwengine hutangaza kwa mdomo: "Jamani msipige picha, watu wamevua mabuibui." Ndani mna wanawake 300, pengine 400. Wametia hina, wamevaa nguo zilizokaa miezi kwa fundi, wanacheza jasho likiwatoka. Kila mmoja anamwona mwenziwe. Lakini picha moja ikitoka humo ikaingia kwenye simu ya kijana wa mtaa wa pili, wote waliokuwemo watahisi wamevunjiwa stara yao, na bibi harusi aliyefurahi usiku kucha ataamka na fadhaa.

Naanza na harusi kwa sababu inalieleza neno faragha kuliko kamusi. Wengi wetu tukisikia faragha twadhani ni siri. Siri ni jambo ambalo hutaki lijulikane. Aliyeonekana na watu 400 hana siri yoyote kuhusu nguo aliyovaa usiku ule. Faragha anayo bado, kwa sababu faragha ni uwezo wa mtu kuamua habari yake iishie wapi: nani aijue, mahali gani, kwa kazi gani. Mshahara wako unajulikana na mwajiri, benki na pengine mkeo. Presha yako inajulikana na daktari. Hakuna aibu katika hayo, ila hungependa yabandikwe ukutani pale Marikiti. Kwa hiyo anayesema "mimi sina la kuficha, waache waone" amejibu swali la siri. La faragha hajaligusa.

Neno lenyewe tumelipata kwa Kiarabu, ambako asili yake ni utupu, nafasi isiyo na shughuli. Kwetu likawa kando, pembeni. Baba akitaka kusema na mkwewe humwita faragha, na waliobaki sebuleni wanaona wazi kuwa wawili wametoka. Wanajua kuna mazungumzo. Hawasogei. Hilo ndilo jambo ninalolipenda katika neno hili: faragha ya wale wawili haikuletwa na kufuli, imeletwa na adabu ya waliobaki.

Nyumba za mawe za Mji wa Kale zilijengwa kwa fikra hiyo hiyo. Nje kuna baraza, na mpita njia yeyote huketi akanywa kahawa ya buli. Ukivuka baraza unaingia dakani, ndipo anaposimama mgeni wa shughuli fupi. Kisha sebule, kisha ndani kwenyewe, ambako hata shemeji hupiga hodi. Na hodi ina kanuni yake, mara tatu, ukikosa "karibu" unarudi ulikotoka bila kinyongo. Kila hatua ina watu wake na maneno yake. Linalosemwa barazani si linalosemwa ndani, na mtu hahitaji kuambiwa.

Mitandao ya kijamii haina daka. Stetasi yako ya WhatsApp, kama hujagusa mipangilio, inaonekana na kila mliyehifadhiana namba: mamako, bosi, mwenye nyumba, fundi wa friji aliyekuja mara moja mwaka 2019. Wote wamekaa chumba kimoja na wewe hujui. Unaandika kwa ajili ya rafiki zako watatu, inasomwa na mkweo. Unaweza kuchagua nani aione na nani asiione, kitufe kipo. Ila wangapi wameketi wakapanga orodha hiyo?

Tofauti ya pili ni kwamba neno la barazani lilipepea likaisha. La simuni linabaki, na linasafiri. WhatsApp wenyewe waliliona tatizo: tangu 2019 ujumbe hauwezi kufowadiwa kwa zaidi ya mazungumzo 5 kwa mkupuo, na Aprili 2020 ule ambao umeshafowadiwa sana ukawekewa kikomo cha mazungumzo 1. Hatua hiyo inapunguza mwendo tu, haiurudishi ujumbe ulikotoka, na haimzuii mtu kupiga skrinshoti.

Sote tumepokea tangazo la mtoto aliyepotea. Picha ya mtoto na sare yake ya shule, jina kamili, mtaa anaokaa, namba ya simu ya mama. Kulisambaza ni wema, na usiku ule wa kwanza ni wajibu. Mtoto anapatikana siku ya pili, kwa shangazi yake Likoni, anakula mahamri. Tangazo halijui. Linaendelea kuzunguka mwaka, miaka miwili, limefika Voi, limefika Tanga, na mama bado anapigiwa na wageni, baadhi yao wakidai pesa kwamba mtoto wanaye. Habari ilitolewa kwa kazi moja, kazi ikaisha, habari ikabaki imezagaa. Hapo utaona kuwa muda nao ni sehemu ya faragha. Ndiyo maana mimi sifowadi tangazo kama hilo bila kupiga kwanza ile namba, na limenitokea zaidi ya mara moja kujibiwa, "Alipatikana zamani, dadangu, tafadhali usilitume tena."

Kuna jingine linaloniuma zaidi, nalo ni la michango ya matibabu. Mtu amelazwa, bili imepanda, ndugu wanafungua kundi. Mpaka hapo ni utu wetu, hakuna wa kuulaumu. Kisha inawekwa picha ya mgonjwa kitandani, mrija puani, shuka imemtoka begani. Chini yake fomu ya hospitali iliyopigwa picha, na ndani ya fomu umeandikwa ugonjwa, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa. Kundi lina watu 200 na wengine wanaingia kwa kiungo. Wengi waliofanya hivyo walifanya kwa mapenzi, wakiogopa kuwa bila ushahidi watu hawatachanga. Lakini mgonjwa hakuulizwa. Pengine hakuweza kuulizwa. Akipona, atarudi mtaani ambako muuza mboga anajua ugonjwa wake kwa jina. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha wetu hatoki chumbani akahadithia, kwa sababu alichokiona alikabidhiwa kwa kazi. Aliye hai anastahili angalau hadhi hiyo. Namba ya kuchangia, jina la mtu wa familia anayeaminika, na kiasi kinachotakiwa vinatosha. Mwenye shaka na ampigie huyo wa familia, aende hospitali akatazame.

Hapa ndipo panapoingia neno ridhaa. Ridhaa si kunyamaza. Ni mtu kuelewa anachoombwa, kisha akakubali kwa hiari, akijua anaweza kukataa. Kukubali kupigwa picha si kukubali picha isambazwe, na kukubali iwekwe kwenye kundi la familia si kukubali ifike kwa majirani.

Mpaka sasa nimesema juu ya watu kwa watu. Kuna mwengine chumbani, naye ni kampuni yenye programu. WhatsApp tangu Aprili 2016 hufunga ujumbe kwa usimbaji fiche, maana yake maneno yako hugeuzwa fumbo kwenye simu yako na kufumbuliwa kwenye simu ya unayemwandikia tu. Kampuni yenyewe haiwezi kuyasoma njiani. Watu wakisikia hivyo wanapumua. Lakini fikiria mzee aliyekaa barazani mbele ya nyumba yako. Hajui mliyosema ndani. Ameona tu nani aliingia, saa ngapi, alikaa muda gani, na kwamba amekuja mara nne wiki hii, kila mara baada ya isha. Kwa hayo peke yake anaweza kukusimulia kisa kizima, na huenda asikosee. Habari za namna hiyo, za nani na lini na wapi, hazimo ndani ya fumbo. Ndizo zenye thamani kubwa kwa wanaouza matangazo.

Tena faragha yako haiko mikononi mwako peke yako. Mwaka 2018 ilifichuka kwamba kampuni ya Uingereza, Cambridge Analytica, ilipata data za watumiaji wa Facebook wanaokadiriwa kufika milioni 87. Data hizo zilikusanywa kwa programu ya maswali na majibu, na waliokubali kuiingiza walikuwa kama 270,000. Waliobaki walikuwa marafiki zao tu, hawakubofya chochote. Kwetu jambo hilo lilikuja kwa sura ya mikopo ya simu. Mtu anapakua programu apate shilingi 2,000 za dharura, programu inaomba ruhusa ya kusoma namba zote alizohifadhi, anakubali kwa sababu hana njia. Akichelewa kulipa, anapigiwa mwajiri wake, mkwewe, imamu. Wale namba zao zilichukuliwa bila hodi kwao. Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza kampuni moja ya mikopo ya aina hiyo faini ya shilingi 2,975,000.

Sheria ipo, na ni vizuri kuijua. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha: asipekuliwe ovyo yeye wala nyumba yake, habari za familia yake zisidaiwe wala kufichuliwa bila sababu, mawasiliano yake yasiingiliwe. Ikafuata Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Yenyewe husema data binafsi, yaani habari yoyote inayoweza kukutambulisha: jina, namba, sura, mahali ulipo, alama ya kidole. Inakupa haki ya kuambiwa inatumiwaje, kuiona, kuisahihisha, kupinga, na kutaka ifutwe. Data ya mtoto inataka ridhaa ya mzazi. Katika uamuzi wa Septemba hiyo hiyo, shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya burudani shilingi 1,850,000 kwa kuitangaza sura ya mteja ambaye hakuulizwa. Malalamiko hupelekwa kwenye ofisi ya Kamishna bila malipo, hata kwa tovuti yao, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 90.

Niliwahi kufanya kazi saiba moja, yaani duka la kompyuta za kukodi, karibu na Mwembe Tayari, na nilichojifunza pale ni kwamba tunaitoa faragha kwa uchovu zaidi kuliko kwa ujinga. Mama anaingia na kikaratasi, ananiambia, "Mwanangu, nifungulie hiyo imeli, nenosiri ni hili hapa, miye macho yangu hayaoni." Nami ni mgeni kwake. Vijana walikuwa wakifungua WhatsApp yao kwenye kompyuta ya kukodi, wanachapisha barua, wanaondoka, na mazungumzo yao yamebaki wazi kwa anayekuja nyuma yao. Jioni pipa lilijaa nakala mbovu za vitambulisho. Kama umewahi kufanya hivyo, nenda kwenye simu yako utazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uondoe usichokijua. Nakala iliyoharibika, ichane mwenyewe. Na ukituma picha kama faili kamili badala ya picha ya kawaida, inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa.

Kuna jambo moja sheria imeliacha nje kwa makusudi. Haimgusi mtu binafsi katika mambo yake ya nyumbani na ya familia. Shule itatozwa, klabu itatozwa, mkopeshaji atatozwa, lakini kundi la ukoo lenye watu 80 halina kamishna. Humo tumebaki na hodi yetu ile ile.

Mwaka jana dadangu alijifungua mtoto wa kike. Siku ya tatu aliweka picha moja kwenye kundi la familia, mtoto amefungwa kitambaa cheupe, na chini akaandika: "Hii ni ya humu humu." Watu wakamwaga dua. Ami yetu aliyeko Muskat akaandika, "Mashallah. Mwanangu, waniruhusu niiweke kwenye stetasi, wenzangu wa huku wamwone?"

Akamjibu, "La, ami, niwie radhi. Ngoja akue kidogo."

"Haya mwanangu. Mungu amkuze."