Je, wajua Euler alithibitishaje bila mashine kuwa 2,147,483,647 ni namba tasa?

Zidisha 2 kwa 2 hadi zitimie mbili 31, kisha toa 1. Unapata 2,147,483,647. Mwaka 1772, mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa Saint Petersburg na macho yake karibu yamepofuka kabisa, alionyesha kuwa namba hii ni tasa.

Usidhani inatosha kipeo, hapa 31, kiwe namba tasa. 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 ni 2,047, yaani 23 × 89. Lazima vigawo vitafutwe.

Vigawo huja viwili viwili, na kimojawapo hakivuki kipeuo cha pili cha namba yenyewe, ambacho hapa ni 46,340 na ushee. Ukifika hapo bila kupata kigawo, kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba chini ya 46,340 kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Ndipo uchujaji unapoingia, na hapa ndipo penye uzuri wote.

Tuseme namba tasa q inaigawa namba yetu. Basi 2³¹ ikigawanywa kwa q hubakiza 1. Kanuni ya mwanahisabati Fermat inasema 2 yenye kipeo q − 1 nayo hubakiza 1. Kwa kuwa 31 ni tasa, hakuna kipeo kidogo kuliko 31 kinachobakiza 1, kwa hiyo 31 lazima iigawe q − 1. Tena q ni witiri, hivyo q − 1 ni shufwa, na 62 nzima inaigawa. Hakikisha kwa 2,047, ambako 22 inachukua nafasi ya 62: 23 ni 22 + 1, na 89 ni 88 + 1.

Chujio la pili: 2³¹ ikibakiza 1, 2³² hubakiza 2. Lakini 2³² ni mraba wa 2¹⁶. Namba tasa witiri ambayo mraba ukigawanywa kwayo unaweza kubakiza 2 ni ile tu inayobakiza 1 au 7 ikigawanywa kwa 8.

Unganisha machujio hayo: q ni 248k + 1 au 248k + 63, ambapo k ni namba nzima. Zinabaki namba kama 370, na ukiondoa zisizo tasa, takriban 80.

Anza. 63 ni 7 × 9, iache. 249 ni 3 × 83, iache. 311 ni tasa, gawanya: 6,905,092, baki 35. Namba tasa inayofuata ni 1,303: baki 226. Rudisha kila jibu kwa kuzidisha, kwa sababu baki sifuri la uongo utaligundua ukihakiki kigawo, lakini kosa linaloficha baki sifuri la kweli linaharibu uthibitisho mzima kimyakimya.

Utasa huo unatumika hadi leo kwenye kompyuta. Programu moja maarufu ya kutoa namba za bahati nasibu huzidisha namba iliyopo kwa 16,807, hugawanya kwa 2,147,483,647, na kuchukua baki. Ukianza na namba yoyote kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, utazipitia zote kabla ya kurudi ulipoanzia. Kigawanyo kisicho tasa kisingeweza kutoa mzunguko mrefu hivyo.