Je, Wajua Kwa Nini Linux Haiwaki Yenyewe Kwenye Prosesa Ndogo?

Simu ya Android iliyo mfukoni na kidhibiti kidogo kilichomo ndani ya mita ya umeme huenda vyote viwili vina prosesa za usanifu wa Arm. Simu inaendeshwa na kerneli ya Linux, yaani ule moyo wa mfumo endeshi unaogawa muda wa prosesa, kumbukumbu na vifaa kwa programu zote. Ni haki basi mtu aulize: ikiwa ukoo ni mmoja, kwa nini kerneli hiyo hiyo isinakiliwe kwenye kidhibiti kidogo ikawaka? Jibu ni kwamba kerneli imejengwa juu ya mambo ambayo prosesa ndogo ilinyimwa kwa makusudi ili itumie umeme kidogo, na kila kilichopunguzwa kwenye silikoni lazima kifidiwe kwa msimbo.

Tuchukue mfano wa STM32F429 ya kampuni ya STMicroelectronics. Kiini chake ni Cortex-M4, cha familia ya Cortex-M ya prosesa ndogo za Arm, kinachokwenda hadi megahezi 180, na chipu yenyewe ina kilobaiti 256 za RAM na flashi, yaani kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimwa, ya hadi megabaiti 2. Kwenye bodi yake ya majaribio iitwayo Discovery imeongezwa RAM ya nje ya megabaiti 8. Linux ilianza kuitambua familia hii ya chipu katika toleo 4.2 la mwaka 2015, lakini hilo liliwezekana kwa sababu misingi ya usanifu wa ARMv7-M, unaofuatwa na Cortex-M4, ilikwisha kuingizwa katika toleo 3.11, mwaka 2013.

Pengo kubwa kuliko yote ni kukosekana kwa kitengo cha kusimamia kumbukumbu, kinachofupishwa MMU. Linus Torvalds alipoanza kuandika Linux mwaka 1991 alikuwa akitumia Intel 80386, prosesa yenye kitengo hicho. Kazi ya MMU ni kufasiri anwani: programu inataja anwani fulani, nayo MMU inaielekeza mahali halisi kwenye RAM, hata programu mbili zikataja anwani moja bila kugongana. Cortex-M haina mfasiri huyo. Aghalabu ina kitengo cha ulinzi kinachoweza kukataza maeneo machache ya kumbukumbu yasiguswe, lakini kukataza si kufasiri.

Madhara yake yanaonekana pale mchakato mpya unapozaliwa. Katika mifumo ya ukoo wa Unix, mchakato huzaliwa kwa mwito wa fork, ambao humrudufu mzazi pamoja na kumbukumbu yake yote, vikiwemo vielekezi, yaani namba zinazoonyesha data imekaa anwani gani. Penye MMU, anwani zile zile huelekezwa kwenye nakala ya mtoto, na kila mmoja anabaki na chake. Pasipo MMU, nakala ya mtoto lazima iwekwe mahali pengine, ilhali vielekezi alivyorithi bado vinaonyesha nyumbani kwa mzazi, kwa hiyo mtoto akiandika chochote anaharibu data ya mzazi wake. Kerneli haiwezi hata kuvisahihisha, kwa kuwa ndani ya kumbukumbu hakuna alama inayotofautisha kielekezi na namba ya kawaida. Suluhisho lililobaki ni mwito wa vfork, ambapo mzazi husimamishwa na mtoto huazima kumbukumbu yake mpaka apakie programu nyingine au ajiondoe. Programu iliyozoea kuzaa watoto wa kufanya kazi sambamba nayo kwa fork inabidi iandikwe upya.

Staki nayo, lile eneo ambamo kila programu huhifadhi data za muda, haiwezi kuongezewa nafasi yenyewe inapojaa. Ukubwa wake hupangwa mapema, na ikifurika huingia kimya kimya kwenye data ya jirani. Kwa maoni yangu hili ndilo linalowatesa wahandisi kuliko yote, kwa sababu hitilafu hujitokeza mbali na mahali ilipoanzia, pengine baada ya saa nyingi.

Njia ya kuendesha Linux pasipo MMU ilifunguliwa na mradi wa uClinux, ulioanza mwaka 1998 kwa prosesa za Motorola za ukoo wa 68000 zisizo na MMU, zikiwemo zile za PalmPilot, kompyuta ndogo za mkononi. Mwaka 2002 kazi yake ilianza kuunganishwa na kerneli kuu, na bila msingi huo wale wa Cortex-M wangelazimika kuanza na sifuri.

Kizuizi cha pili kimo katika namna prosesa inavyopokea makatizo, yaani ishara za kuiambia iache inachofanya ishughulikie jambo jingine. Katika prosesa za Arm za simu zilizotumiwa miaka hiyo, kuhifadhi rejista, yaani vijisanduku vya ndani ya prosesa vinavyoshika namba inazozifanyia kazi, kwenye staki ilikuwa kazi ya kerneli. Cortex-M hufanya sehemu ya kazi hiyo yenyewe: katizo linapoingia, maunzi husukuma rejista nane kwenye staki kabla amri ya kwanza ya kerneli haijatekelezwa. Huo ni msaada mkubwa kwa mwandishi wa programu ndogo, lakini kwa Linux, iliyozoea kuzipanga rejista zote kwa mpangilio wake, ulidai msimbo mpya wa kuingilia na kutokea, ulioandikwa kwa lugha ya asembli, iliyo karibu sana na ya mashine. Isitoshe, Cortex-M inaelewa peke yake amri za Thumb, seti ya amri za Arm zilizofupishwa, hivyo kila kipande kilichoandikwa kwa amri za Arm za kawaida kilihitaji kuandikwa upya au kuachwa nje.

Baada ya hapo hufuata draiva, yaani programu zinazoiwezesha kerneli kuendesha vifaa: za saa, za pini na za mlango wa siriali, ambao ndio hutoa maneno ya kwanza ya kerneli inapowaka, pamoja na faili la mti wa vifaa linaloieleza kerneli kila kifaa kiko anwani gani. Kazi hiyo ni ndefu, ila njia yake inajulikana.

Nafasi ni finyu mno, kwa hiyo kerneli hainakiliwi kwenye RAM bali hutekelezwa ikiwa pale pale kwenye flashi, na RAM huachiwa data peke yake.

Kisha linakuja suala la umeme wenyewe. Prosesa huokoa umeme inapolala, na kerneli ya zamani iliiamsha kila mara ili kuhesabu muda, kwa mfano mara 100 kwa sekunde. Tangu toleo 2.6.21 la mwaka 2007 Linux imekuwa na uwezo wa kusimamisha mapigo hayo pasipo na kazi. Ila uwezo huo unategemea taima inayoweza kuhesabu muda mrefu. Taima iliyomo ndani ya kiini cha Cortex-M, iitwayo SysTick, ina biti 24, na kwa megahezi 180 humaliza mzunguko wake kwa takriban milisekunde 93. STM32F429 ina taima nyingine za biti 32 ambazo kwa megahezi 90 huhesabu zaidi ya sekunde 47 kabla ya kuzunguka. Ndiyo maana draiva ya taima hizo iliandikwa mahususi.

Hata hivyo RAM ile ya nje ya megabaiti 8, ambayo bila hiyo Linux isingepata pa kukaa, ni ya aina inayopaswa kuhuishwa kila wakati ili isipoteze data, na inaendelea kula umeme hata prosesa ikiwa usingizini. Kwa kihisi kinachotakiwa kuishi miaka kwa betri moja, ningechagua mfumo mdogo kama FreeRTOS au Zephyr, unaotosha ndani ya zile kilobaiti 256. Linux ningeiweka pale kifaa kinapohitaji mtandao kamili, mifumo ya faili na draiva zilizokwisha kuandikwa, na kikawa na chanzo cha umeme cha kuimudu RAM hiyo.