Je, Wajua Kwa Nini Mwanafunzi Anayejieleza Vizuri kwa Mdomo Huandika Asieleweke?

Mwanafunzi anaposimulia jambo, humtazama anayemsikiliza usoni, na akiona amekunja uso hurudi nyuma, hufafanua na kutoa mfano bila kuagizwa na mtu. Akishika kalamu, uso ule haupo tena. Mwaka 1979 mtafiti Mmarekani Linda Flower alieleza kwamba maandishi yanayoandikwa bila kumfikiria msomaji hufuata njia ambayo wazo lilimjia mwandishi, si njia ambayo msomaji anaihitaji ili alielewe.

Si uvivu, na tunawaonea wanafunzi tunapowaita wavivu. Katika jaribio la Elizabeth Newton, lililofanyika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1990, watu waligonga mezani mapigo ya nyimbo mashuhuri ili wenzao wazitambue. Wagongaji walitarajia nusu ya nyimbo zitambuliwe. Kati ya nyimbo 120, zilizotambuliwa ni 3 tu. Mgongaji alikuwa akiusikia wimbo mzima kichwani mwake, ilhali msikilizaji alisikia ngo, ngo, ngo. Mwandishi naye huona picha kamili nyuma ya kila neno lake, kwa hiyo pengo halioni.

Shule huongeza ugumu huo, kwa kuwa msomaji wa insha kwa kawaida ni mwalimu peke yake, naye jibu analijua tayari na hana budi kusoma hadi mwisho. Kumwambia mwanafunzi “ifikirie hadhira yako” hakumsaidii sana ikiwa hajawahi kumwona msomaji akikwama.

Ndiyo maana zoezi ninalolithamini kuliko yote ni la mashua ya karatasi. Mwanafunzi huandika maelekezo ya kuikunja, mwenzake asiyejua huyafuata neno kwa neno, na mwandishi haruhusiwi kusema lolote. Ameandika “kunja kona”. Mkono wa mwenzake unagusa kona moja, unaiacha, unagusa nyingine, kisha unasimama. Hapo mwandishi hujionea mwenyewe kile ambacho wino mwekundu pembeni mwa daftari haukuweza kumwonyesha. Akipewa nafasi ya kuandika upya, huandika: “Iweke karatasi mkunjo ukiwa juu, kisha zishushe kona mbili za juu mpaka zikutane katikati.”