Ndege nzima kugonga mlima: maana yake na jinsi inavyotokea

Katika uchunguzi wa ajali za anga kuna kundi moja ambalo huwashangaza wanaolisikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu ndani yake hakuna injini iliyozimika, wala bawa lililokatika, wala rubani aliyeshindwa kuimudu ndege yake. Ndege inaruka vizuri, inatii kila inachoamriwa, na wahudumu wake, marubani wakiwemo, wako macho. Ila inaelekezwa kwenye mlima au majini bila walio ndani kutambua hatari hiyo mpaka sekunde za mwisho, na pengine wasiitambue kabisa. Hiyo ndiyo ajali ya ndege nzima kugonga ardhi. Ndege iliyozimikiwa injini ikaangukia mlimani haimo katika kundi hili, na iliyovunjwa na dhoruba angani haimo pia, hata kama mabaki ya zote yangekutwa kwenye mteremko uleule.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania tunaweza kuielewa dhana hii bila kwenda mbali. Kiwanja cha Ndege cha Songwe, kilichoanza kutumika Desemba 2012, kiko takriban futi 4,400 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini mashariki yake, kwa umbali usiozidi kilomita 20, umesimama Mlima Mbeya wenye zaidi ya futi 9,200, na kusini mashariki, kilomita 50 hivi, uko Mlima Rungwe unaofikia futi 9,700. Tuseme ndege imeteremka hadi futi 7,000. Ikiwa juu ya njia ya kurukia ya Songwe, chini yake pana futi 2,600 za hewa tupu na rubani hana cha kuogopa. Ikiwa na futi hizohizo 7,000, lakini imeelekea Rungwe ndani ya wingu, mbele yake pana ubavu wa mlima ambao kilele chake kimempita rubani kwa futi 2,700. Kwa mwendo wa kilomita 450 kwa saa, kilomita 50 huisha kwa dakika zisizofika saba.

Kwa hiyo hakuna mwinuko ambao ni salama wenyewe kwa wenyewe. Usalama wake unategemea mahali ndege ilipo, na mahali hapo pakikosewa, namba iliyokuwa sahihi inageuka kuwa ya mauti bila sindano yoyote kusogea.

Ndiyo maana ramani za marubani huandikwa mwinuko wa chini wa usalama kwa kila upande wa kiwanja. Kanuni ya kawaida ni kutazama eneo lililo ndani ya maili 25 za baharini, yaani kilomita 46 hivi, kukitafuta kikwazo kirefu kuliko vyote, kisha kuongeza angalau futi 1,000 juu yake. Kwa hesabu hiyo, upande wa Songwe wenye Mlima Mbeya mwinuko huo hauwezi kuwa chini ya futi 10,200. Rubani hushuka chini ya hapo akiwa amehakikisha kwa vyombo kwamba yuko kwenye njia maalumu ya kuteremkia, au akiwa anaiona ardhi kwa macho yake. Dereva wa basi akikutana na ukungu mzito pale Kitonga hupunguza mwendo, na akizidiwa huegesha. Rubani hana pa kuegesha, na namba hiyo ya ramani ndiyo kinga yake.

Kinga hiyo huvunjwa kwa makosa ya namna mbili: kutojua uko wapi, na kutojua uko juu kiasi gani.

La kwanza lilionekana wazi tarehe 4 Desemba 1974. Ndege ya kukodi aina ya DC-8 ya kampuni ya Martinair ya Uholanzi ilikuwa imewabeba mahujaji 182 wa Indonesia, pamoja na wahudumu tisa, kutoka Surabaya kwenda Jeddah, na ilipangiwa kutua Colombo, Sri Lanka. Ilikuwa usiku. Wahudumu walijipimia mahali walipo kwa vyombo vya ndani ya ndege, yaani rada ya hali ya hewa na mtambo wa Doppler unaokadiria mwendo na umbali uliokwenda, wakaamini kuwa wamekikaribia kiwanja. Kumbe walikuwa bado maili 40 hivi za baharini mashariki yake, juu ya nchi ya milima ya katikati ya kisiwa. Waliruhusiwa kuteremka, wakateremka, na watu wote 191 walikufa mlimani. Mteremko ule usingekuwa na kasoro kama ungefanyika karibu na pwani, na mimi naona hilo ndilo linaloifanya ajali hii ifundishe dhana nzima kuliko nyingine yoyote.

Kosa la pili linahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa wengi hudhani chombo cha kuonyesha mwinuko hupima umbali wa kutoka kwenye ndege hadi ardhini. Sivyo. Altimita ya kawaida hupima mgandamizo wa hewa, ambao hupungua kadiri mtu anavyopanda, kisha huugeuza kuwa futi. Lakini mgandamizo hubadilika kutokana na hali ya hewa ya siku na ya mahali, kwa hiyo kabla ya kutua rubani hupewa na mwongoza ndege kipimo cha eneo husika, kwa hektopaskali, yaani kizio cha mgandamizo, akakiweka kwenye chombo. Kila hektopaskali moja iliyokosewa ni futi 27 au 28 za uongo. Na hata altimita iliyowekwa sawasawa husema umbali wa ndege kutoka usawa wa bahari. Kilima kilicho chini yake haikijui.

Mkasa wa tarehe 8 Februari 1989 ulikusanya makosa hayo mahali pamoja. Boeing 707 ya kampuni ya Independent Air ya Marekani, iliyokodiwa kuwapeleka watalii Punta Cana, Jamhuri ya Dominika, ilitoka Bergamo, Italia, na ilikuwa ipitie kisiwa cha Santa Maria katika visiwa vya Azores. Mwinuko wa chini wa usalama hapo ulikuwa futi 3,000, na mwongoza ndege aliwaruhusu kushuka hadi hizo 3,000. Rubani msaidizi alisikia 2,000, akarudia 2,000, lakini alizungumza wakati mwongoza ndege hajamaliza ujumbe wake. Sauti zikagongana redioni na kosa halikusahihishwa. Juu ya hilo walikuwa wamepewa mgandamizo wa 1027 wakati halisi ulikuwa 1018.7, kwa hiyo ndege ilikuwa chini kwa futi 230 hivi kuliko altimita ilivyosema. Kilele cha Pico Alto, kilichokuwa mbele yao mawinguni, kina futi 1,925. Futi hizo 230 ndizo zilizotenganisha kupita juu yake kwa taabu na kukigonga. Watu wote 144 walifariki. Mtambo wa kuonya ukaribu wa ardhi ulilia kwa sekunde saba hivi, na wahudumu hawakuchukua hatua yoyote.

Vyombo vya habari hupenda kufupisha mikasa kama huu kwa maneno matatu, kosa la rubani, na sikatai kwamba namba 3,000 ilikuwa kwenye ramani yao. Ila ufupisho huo unamwacha nje mwongoza ndege aliyetoa mgandamizo usio sahihi, na unaacha pia hali ya safari za kukodi, ambazo mara nyingi huwapeleka wahudumu kwenye viwanja wasivyovizoea, tofauti na rubani anayetua Songwe kila wiki na kuijua milima yake kwa majina.

Mtambo uliolia Azores ulienea baada ya Desemba hiyohiyo ya 1974. Siku tatu kabla ya ajali ya Sri Lanka, ndege ya kampuni ya TWA ya Marekani iliyokuwa inaelekea eneo la Washington ilishuka mapema mno ikagonga mlima Virginia na kuua watu 92, na Marekani ikaamuru ndege zake kubwa ziwekewe mtambo huo. Udhaifu wake ni kwamba ulitazama chini tu kwa mawimbi ya redio, hivyo mbele ya mlima uliosimama wima ulitoa onyo la sekunde chache. Toleo lililofuata katika miaka ya 1990, kazi iliyoongozwa na mhandisi Don Bateman, lilibeba ndani yake ramani ya milima ya dunia na kuilinganisha na mahali ndege ilipo kwa msaada wa setilaiti, likaweza kuonya mapema zaidi. Ajali za aina hii zimepungua sana tangu hapo.

Hata hivyo ukungu wa asubuhi pale Songwe haujaondoka. Rubani anayekuja kutua kwa vyombo huwa na kimo cha uamuzi, na akikifikia bila kuiona njia ya kurukia hana ruhusa ya kujaribu futi nyingine hamsini. Anaongeza nguvu ya injini na kupanda kwa kufuata njia iliyochorwa kwenye ramani, kwa sababu kupanda ovyo kuelekea upande wenye milima ni kosa lilelile kwa sura nyingine. Ukungu usipoinuka, abiria hupelekwa kiwanja kingine au hurudishwa Dar es Salaam wakinung'unika, na mafuta ya kuwafikisha kwenye kiwanja mbadala huwa yamo ndani ya ndege tangu ilipoondoka, kama kanuni zinavyotaka.